Lesi ya harusi bado sijaikata, sijui niikate kwa hipsi zipi

BARUA

Shikamoo mama.

Naomba jina langu lisitoke. Nipo Mwanza, upande wa Kirumba, kazi yangu ni kushona nguo za kike. Nina miaka 27. Cherehani nilianza nikiwa na miaka 16 kwa mama mdogo, na sasa nina banda langu, vyerehani viwili, ovaloki moja na binti mmoja ninayemfundisha.

Mimi ni mwembamba toka utoto. Urefu wangu sentimita 165, uzito kilo 48, na hapo nakula kama watu wengine. Baba na shangazi zangu wote kule Ukerewe wako hivyo hivyo, warefu, mifupa mitupu. Shuleni nilikuwa kimbaumbau mwiko wa pilau. Nilizoea. Lakini mama, kazi niliyoichagua ndiyo inayoniumiza. Kutwa nazungusha futi kwenye viuno vya watu. Naandika kwenye daftari: kifua 36, kiuno 30, hipsi 44. Wateja wangu wengi wana umbo namba nane na wanataka nguo iwachore. Usiku nikishafunga banda, najipima. Hipsi 34. Jana ilikuwa 34, juzi 34, na bado najipima.

Mwaka jana niliugua malaria nikapungua kilo tatu. Jirani mmoja akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku hizi dawa zipo, watu wanaishi miaka na miaka, nisiogope kwenda kuchukua. Alikuwa na nia njema. Nililia usiku mzima. Kisha siku mchumba wangu aliponipeleka kwao, shangazi yake mmoja akamwambia mwenzake kwa Kisukuma, akidhani mimi sisikii: huyu atazaaje?

Sasa nina mteja mmoja, dada mwenye pesa zake. Miaka miwili iliyopita nilimpima hipsi 39. Akasafiri kwenda Uturuki, aliporudi nikampima 46. Niliandika nikarudia kupima. Wametoa mafuta tumboni na mgongoni wakayapeleka nyuma. Miezi kama minane baadaye nikampima tena kwa gauni la sendofu ya mdogo wake, ikawa 43. Anapendeza, siwezi kusema uongo. Wakati wa kujaribisha gauni niliona vialama vidogo kama punje za mtama, chini ya kitovu na pembeni mwa mgongo, na upande mmoja wa kiuno kuna kibonde. Nikashona bitana nzito upande ule na sikusema kitu. Yeye ndiye aliyenipa namba ya wakala.

Wakala tunaongea WhatsApp. Nimemtumia picha za mbele, ubavuni na nyuma. Akasema daktari amesema umbo langu zuri lakini mafuta sina, kwa hiyo ninenepe kwanza nifike kilo 58 au 60 ndani ya miezi mitatu, ndipo wapate cha kutoa. Gharama ni milioni 14, tiketi na nyumba ya siku kumi humo humo. Anataka milioni mbili ya kuanzia kabla mwezi haujaisha. Kunenepa akanielekeza kwa mama mmoja anayeuza vidonge vya kopo, aina mbili, vyeupe vidogo na vingine. Hii ni wiki ya sita. Nimefika kilo 52. Njaa haiishi, mashavu yamejaa mpaka mchumba ananiambia nimenawiri. Hipsi ni 35. Usingizi nao unanibeba mchana kweupe. Wiki iliyopita nilisinzia kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye kidole.

Pesa ninayo. Kikoba tunavunja Desemba, nikijumlisha na akiba niliyokuwa naiweka kwa ajili ya mashine ya kudarizi, inafika. Mchumba wangu anafanya kazi Geita, harusi ni baada ya Pasaka. Yeye hajui. Nimepanga kumwambia nakwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa wiki mbili. Anayejua ni yule binti wa bandani tu.

Lesi ya harusi yangu nilishainunua Kariakoo, nyeupe ya maua madogo, ipo kwenye mfuko wake juu ya kabati. Nimeshindwa kuikata, maana sijui niikate kwa hipsi zipi.

Mama, naomba usiniambie nijipende nilivyo. Hilo nimeambiwa sana. Niambie nifikirie vipi.

*Fundi wa Kirumba*

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole na kidole.

Sitakuambia ujipende ulivyo. Mtu anayejipima kila usiku huku anajua namba itakayotoka ana kitu kinachomuuma, na hotuba haiondoi maumivu. Umesema nikusaidie kufikiri, basi tukae tufikiri. Ila kuna jambo moja katika barua yako ambalo haliwezi kungoja tumalize kufikiri, nalo ni vile vidonge.

Mimi si daktari na kopo lako sijaliona. Lakini usingizi wa mchana, njaa isiyoshiba, uso unaojaa wakati hipsi zimeongezeka inchi moja tu, hayo yanajulikana. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa chinichini mara nyingi huwa ni dawa mbili za hospitali. Moja ni siproheptadini, dawa ya mzio, inayoleta hamu ya kula na usingizi mzito. Nyingine ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo madaktari huitoa kwa uangalifu kwa magonjwa mazito. Hiyo ya pili ikitumiwa muda mrefu hujaza uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, huilegeza mifupa na kuidhoofisha kinga ya mwili. Mafuta inayoleta hupenda kukaa usoni, shingoni na tumboni, wakati msuli wa miguu na makalio unaliwa. Kwa maneno mengine, kama ndiyo hiyo unayomeza, inakupeleka mbali na unakotaka kwenda, na futi yako imeshakuambia: kilo nne, inchi moja.

Kuna la zaidi. Juu ya figo zetu kuna tezi ndogo mbili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hiyo. Zikiona inaletwa tayari kila siku kutoka kwenye kopo, zinalala. Mtu aliyetumia wiki sita akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka hadi akaanguka. Kwa hiyo usilitupe kopo ziwani kwa hasira ukishamaliza kusoma hapa. Kesho asubuhi lifunge kwenye mkoba, nenda hospitali ya Sekou Toure au panda Bugando, na useme yote: vidonge hivi, vingapi kwa siku, wiki sita, na nilitaka kunenepa. Usione aibu, hawajaanza na wewe. Daktari ndiye atakayekupangia namna ya kuviacha, na pengine atapima sukari na presha. Mwombe pia akuangalie kwa jumla, maana anayeishi kando ya ziwa hana budi kupima kichocho, na wembamba una sababu nyingine za kutazamwa, kama tezi ya shingo au kifua kikuu. Kwa jinsi ulivyoeleza kwenu Ukerewe, nadhani utaambiwa ni mwili wa ukoo. Lakini kuambiwa na aliyekupima ni tofauti na kudhani.

Nikutajie na jambo moja lililonishtua. Kabla ya upasuaji wowote wa usingizi mzito, mtoa dawa ya usingizi lazima ajue kama mgonjwa anatumia steroidi. Huyo wakala ndiye aliyekuelekeza kwenye kopo, na ndiye atakayekupeleka mezani. Je, atamwambia daktari?

Sasa upasuaji wenyewe. Daktari huingiza mrija mwembamba wa chuma chini ya ngozi, kupitia matundu madogo, yale uliyoyaona kama punje za mtama. Anafyonza mafuta tumboni, kiunoni, mgongoni, wakati mwingine mapajani. Yanasafishwa, kisha yanachomwa kwenye makalio na hipsi. Sifa yake ni kwamba hakuna kitu kigeni kinachoingizwa mwilini, ni mafuta yako mwenyewe. Lakini mafuta yaliyohamishwa ni kama mche uliong'olewa shambani. Lazima yapate damu pale yalipopandwa. Yasiyopata hufa, mwili unayanyonya, na upungufu mwingi hutokea katika miezi ya mwanzo. Wengi wanaouzwa huduma hii hawaambiwi hivyo waziwazi. Wewe umeliona kwa mikono yako: 39, ikawa 46, ikatulia 43. Zile inchi tatu, nyingine zilikuwa uvimbe wa upasuaji na nyingine ni mafuta yaliyokufa.

Yanayobaki ni mafuta hai. Ukikonda nayo yanakonda, ukinenepa yananenepa, ukipata mimba yanabadilika pamoja na mwili mzima. Hapa ndipo napotaka usimame kidogo, kwa sababu suala lako linatofautiana na la mteja wako. Yeye alikuwa na hipsi 39 na tumbo lenye cha kutoa. Wewe unaambiwa unenepe kilo kumi kwa miezi mitatu ili zipatikane za kuhamisha. Tuseme zimepatikana. Ukirudi Kirumba, kopo limeisha, umerudi kwenye chakula chako na mwili wako wa siku zote, nao mwili huo una kawaida ya kurudi kilo 48. Yale yaliyopandwa nyuma yatarudi nao. Unaweza kuwa umelipa milioni 14 kwa umbo lililojengwa juu ya kilo ambazo si zako.

Zipo kliniki zinazotangaza kuwa zinafanya kwa wembamba, na si uongo wote. Wanachukua kidogo kidogo sehemu nyingi za mwili, na mabadiliko huwa madogo, ya kuweka mviringo pale palipokuwa bapa. Anayekwenda akitarajia hicho anaweza kurudi ameridhika. Lakini wewe ni fundi, unajua ukipunguza kitambaa mahali ambapo tayari ni kidogo, mshono unavuta na kukunja. Kile kibonde ulichokiona kiunoni kwa mteja wako ndicho hicho, na yeye alikuwa na akiba ya mafuta.

Hatari kubwa nitaisema bila kuizungusha. Chini ya msuli mkubwa wa kalio kuna mishipa minene inayorudisha damu kwenye moyo. Mrija ukiingia ndani ya msuli na kuuchana mshipa, mafuta huingia kwenye damu, yanafika kwenye moyo na mapafu, na mtu anaweza kufa palepale mezani au saa chache baadaye. Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji wa urembo waliwahoji wenzao wa nchi mbalimbali, na makadirio waliyopata yalifika kifo kimoja kwa kila wagonjwa 3,000 hivi. Kwa upasuaji wa urembo, unaofanywa kwa mtu mzima wa afya, hicho ni kiwango cha kutisha. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa fani hiyo Uingereza kiliwaambia wanachama wake wasimame kwanza. Waliochunguza miili ya waliokufa walikuta mafuta ndani ya msuli. Tangu hapo agizo ni moja: mafuta yawekwe juu ya msuli tu, chini ya ngozi, na mwaka 2022 Waingereza wakaongeza kwamba daktari atumie kipimo cha ultrasaundi akiwa anachoma, aone ncha ya mrija iko wapi. Pale masharti haya yanapofuatwa, hali imekuwa salama zaidi. Ila kwa mwembamba, ile nafasi kati ya ngozi na msuli ni finyu, kwa hiyo mafuta yanayoweza kukaa hapo salama ni machache. Daktari anayekuahidi makubwa anakuahidi kitu ambacho mahali pa kukiweka ni padogo.

Kuna swali dogo ambalo sijui kama umeshajiuliza. Kazi yako inafanywa umekaa. Baada ya upasuaji huu hutakiwi kukalia makalio kwa wiki mbili za mwanzo, mara nyingi zaidi, na kwa wiki kadhaa utakaa kwa kuegemea mto maalumu chini ya mapaja. Utalala kifudifudi. Utavaa vazi la kubana mchana na usiku. Unarudi kwa ndege siku ya kumi, saa nyingi hewani, wakati ambapo damu huganda miguuni kirahisi kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Halafu unafika bandani Aprili inakaribia, msimu wa sendofu na harusi, watu wamelipa nusu na wanataka nguo zao. Nani atakaa kwenye cherehani?

Haya ni ya mwili. La moyoni ni zito zaidi, na barua yako yenyewe imenionyesha. Waliokuumiza si wateja wenye hipsi 44. Waliokuumiza ni jirani na shangazi, na wote wawili hawakusema habari ya umbo. Mmoja alisema ugonjwa, mwingine alisema uzazi.

Nilikulia Bukoba. Nilikuwa mtoto mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika nchi hii walipotambuliwa mkoa wetu wa Kagera. Hatukuwa na jina la ugonjwa, watu wakauita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina la nguo, fundi wangu. Ng'ambo ya mpaka Waganda wakauita "slim", yaani wembamba wenyewe. Nimeona watu wazima, wenye miili, wanapungua hadi khanga inamzunguka mtu mara mbili na nusu. Tuliokua wakati ule tulijifunza kumtazama mtu mashavu kwanza kabla ya salamu. Jirani yako huenda ana umri wangu. Anapokuona umepungua kilo tatu, macho yake yanarudi kule. Sisemi alifanya vizuri. Nasema ule woga una historia katika ziwa hili, na ulikuwepo kabla hujazaliwa. Wewe umeubeba kama kasoro ya hipsi zako. Sasa niulize: ukirudi na hipsi 41 huku mikono na shingo vikiwa vyembamba vilevile, macho yale yatatulia? Au mdomo uliosema "amekonda" utahamia kwenye "amechonga"? Sina jibu. Wewe ndiye unayeishi mtaa huo.

Na shangazi mtu: mtoto hapiti kwenye nyama inayopimwa na futi. Anapita kwenye nafasi ya mifupa ya nyonga kwa ndani, na hiyo haionekani kwa nje wala haiongezwi kwa mafuta. Shangazi zako wembamba wa Ukerewe wamezaa wangapi? Sikusudii umjibu mama wa watu. Nataka wewe usilibebe neno lile hadi Uturuki.

Mchumba wako sasa. Umeandika kuhusu ndugu zake, kuhusu Geita, kuhusu tarehe ya harusi, lakini sijaona mahali ambapo yeye amelalamika juu ya mwili wako. Alisema umenawiri, na hapo alikuwa anausifu uso uliojazwa na kopo bila kujua. Sikulazimishi umwambie, mwili ni wako. Ila nikusogeze mezani pale hospitalini. Kuna karatasi utajaza, ina sehemu ya jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Utaandika nani? Binti wa bandani? Likitokea tatizo saa nane za usiku, simu itaita Kirumba kwa msichana asiye na pasipoti, asiyejua lugha ya anayepiga, na aliyeapishwa asiseme. Mama yako anajua uko Kariakoo. Mchumba wako anajua uko Kariakoo. Mtu mzima anaweza kuamua kupasuliwa, na wapo wanaoamua wakafurahi. Kupasuliwa ukiwa haupo popote kwenye akili za wanaokupenda ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza, na hii hakuna daktari anayeweza kukupunguzia.

Kwa hiyo njia zipo kadhaa, na nitazitaja nikikuambia ninavyoziona.

Unaweza kuendelea, lakini kwa mlango mwingine. Wakala si daktari. Kazi yake ni kuuza safari, na milioni mbili kabla ya mwisho wa mwezi ni haraka ya muuzaji. Hapa nchini Hospitali ya Taifa Muhimbili, pale Mloganzila, walianza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbo mwaka 2023. Unaweza kufunga safari ya kuonana na daktari uso kwa uso, akushike, akupime, akuambie mafuta uliyonayo yanatosha nini. Hata ukiishia nje ya nchi, utakuwa umesikia neno la mtu asiyekuuzia tiketi. Daktari yeyote wa Tanzania Bara unaweza kuuliza usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika. Na popote uendapo, uliza wewe mwenyewe, kwa sauti yako: nani hasa atanipasua, unaweka mafuta juu ya msuli tu, unatumia ultrasaundi, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi, umefanya wembamba wangapi na nionyeshe waliofikisha mwaka mzima, na nikirudi Mwanza jeraha likatoa usaha, nani atanishughulikia? Akikasirika kuulizwa, umeshapata jibu.

Unaweza kuahirisha. Umesema unaolewa, ukijaliwa watoto, mimba mbili zitaupanga mwili wako upya, na wengi hushauriwa wasubiri hadi wamalize kuzaa ndipo waguse umbo. Pengine ukiwa na miaka 34 utakuwa na mafuta yako ya halali ya kuhamisha. Pengine utakuwa huyataki tena.

Unaweza kujenga msuli. Hili lina kasi ndogo na lina ukomo, lakini msuli haunyonywi na mwili mradi unautumia. Kuchuchumaa na kuinuka umebeba uzito, kupanda ngazi au jiwe, kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali, mara tatu kwa wiki, kwa miezi minne au sita, huku unakula vya kutosha: sato, dagaa, mayai, maharage, maziwa, karanga, na michembe yetu ya viazi vitamu kwa chai ya maziwa badala ya andazi moja tu. Kwa kilo 48 na urefu wako, uzito wako uko chini kidogo ya kiwango cha afya, kwa hiyo kuongeza kilo tatu nne kwa chakula ni jambo zuri hata kama hipsi zisingekuwepo kwenye hadithi hii. Mtaalamu wa lishe hospitalini atakupangia.

Njia moja nakuomba usiipite hata ukisikia ni rahisi: sindano za kuongeza makalio zinazochomwa saluni au chumbani kwa mtu. Nyingi huwa ni silikoni ya maji. Ikishaingia haitoki, inasambaa, inafanya mafundo na vidonda miaka baadaye, na nayo inaweza kufika kwenye mapafu. Nakutajia kwa sababu wakala akikukosa kwa milioni 14, anaweza kukuletea hiyo kwa milioni moja.

Halafu kuna njia ambayo wewe ni bingwa wake na hukuitaja. Wateja wangapi umewashonea sponji za hipsi ndani ya bitana, wakatembea ukumbini na umbo namba nane, na siri ikabaki kati yako na wao? Kwa nini fundi asijishonee? Hujafanya kosa kutamani. Pengine siku ya harusi unahitaji umbo la saa kumi tu, na pengine unahitaji la miaka yote; hayo ni mahitaji mawili tofauti, na bei zake hazifanani.

Usiku wa leo ukitaka kujipima, jipime. Ila kesho yake andika kwenye daftari lako, pembeni ya 35, siku hiyo nani alisema nini. Fanya hivyo wiki tatu. Nadhani utaona namba inakuuma zaidi siku fulani na siku nyingine unaisahau, na siku hizo zitakusaidia kujua unachotaka kubadilisha ni nini.

Lesi usiikate kwa sasa. Uso wako utapungua ukishaacha vidonge, na kilo nazo zitacheza kidogo. Ngoja mwili utulie, wiki sita nane, kisha jipime mara moja mchana, bandani, binti akishika futi, kama unavyompima mteja. Ukate kwa namba hiyo na uache inchi moja na nusu kila mshono wa pembeni. Kama utaamua lolote baadaye, kitambaa kitakuwepo.

Hospitali kwanza lakini. Ukitoka huko niandikie walichosema kuhusu lile kopo, nami nitakuwa nasubiri.